Piga-na-Kimbia ya Baba Pacha

Mtaani petu ilijulikana kwamba ukitaka meno mazuri uende kwa Mama Pacha, na ukitaka maneno mazuri utafute pengine. Alikuwa fundi wa meno ya bandia. Madaktari walimletea vipimo vya midomo ya watu, naye akavigeuza kuwa meno ya kutafunia nyama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hasira za karibu tu, hasira ambazo muda wote zilikaa mlangoni zimeshavaa viatu. Mteja aliyerudi kulalamika kwamba meno yanambana, na jana tu ndiyo kayavaa, aliambiwa aende akayazoee kwanza, kwani hata mama mkwe huzoewa.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma katika jengo la ghorofa moja. Mezani kulikuwa na bakuli za mpira za kukorogea plasta, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na mota ya kung'arishia iliyolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Kwenye rafu zilipangwa taya za plasta za nusu ya mji, hivyo Mama Pacha alipokutana na mtu barabarani alimtambua kwanza kwa magego. Mbele kulikuwa na kaunta ndogo na kengele ya kuitia.

Ukuta mmoja tu ulimtenganisha na mumewe. Baba Pacha alikuwa mwalimu wa udereva. Ofisi yake ilikuwa chumba chenye meza, mabenchi mawili na chati kubwa ya alama za barabarani, na nje ya mlango kilisimama kigari cheupe chenye breki upande wa mwanafunzi na breki nyingine upande wa mwalimu. Mtu huyu alishinda kutwa kando ya watu waliojaribu kumuua bila kukusudia, na neno lake kali kuliko yote lilikuwa, "Polepole, mwanangu, hakuna anayetufukuza." Kila mtu alimpenda. Hakujua kukataa. Ukimwomba akuazime ngazi alikuazima, hata kama ngazi yenyewe ilikuwa ya jirani. Pacha wao walikuwa wamekua na kwenda zao kufanya kazi mbali, na wazazi wakabaki ghorofani wawili tu, mmoja akichemka na mwingine akikubali.

Jambo lililomfurahisha Mama Pacha duniani, ukiacha kazi, lilikuwa besiboli, mchezo wa Kimarekani wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kutoka kituo hadi kituo. Hajawahi kuiona. Hajawahi kushika gongo wala kukaa uwanjani. Mjomba wake, aliyekuwa mpishi katika meli za mizigo, alimletea alipokuwa msichana sanduku la mchezo: kadi, kete na ubao wenye majedwali. Kila kadi ni mchezaji mmoja. Nambari zilizo juu yake zinasema mtu huyo hupiga mpira vipi, hukosa mara ngapi, hukimbia namna gani. Unatupa kete, unasoma kadi, na kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Majina ya wenyewe yalikuwa yameshafutika kwa kushikwashikwa, na hata yalipokuwepo hakuna aliyeweza kuyatamka, kwa hiyo Mama Pacha aliwabatiza upya. Alikuwa na Kifaru, na Sindano, na Padri, na mmoja mzito wa miguu aliyeitwa Kesho.

Jumamosi mchana, milango ikishafungwa, walicheza pale karakanani, kwenye meza iliyofutwa plasta. Mpinzani wake mkuu alikuwa Fundi Saa, mtengenezaji saa wa ng'ambo ya barabara, mtu mfupi mwenye jicho moja lililozoea kukodolewa kwenye kioo cha kukuzia. Baba Pacha alikuwa mtupa kete wa mkewe. Kazi hiyo alipewa kwa sababu Mama Pacha mara nyingi alikuwa na nta vidoleni, na kwa sababu haikuhitaji uamuzi wowote. Sisi wengine tulikwenda kutazama na kunywa chai.

Sasa, katika mchezo huo kuna amri moja inaitwa piga-na-kimbia, na Mama Pacha aliijua kama anavyojua njia ya kwenda jikoni gizani. Tuseme una mtu amesimama kituo cha kwanza. Kawaida yeye hungoja aone mwenzake akipiga mpira ndipo akimbie. Kwa piga-na-kimbia hangoji. Mrushaji akirusha tu, yeye ameshachomoka kwenda kituo cha pili. Walinzi wakiona hivyo wanaacha nafasi zao kwenda kumzuia, tundu linabaki wazi, na mpigaji anatakiwa kuupitisha mpira palepale. Lakini sharti ni moja. Mpigaji lazima apige mpira wowote utakaokuja, mzuri, mbovu, wa juu, wa miguuni. Akikosa, yule mwenzake yuko katikati ya njia, hana pa kwenda wala pa kurudi, na anakufa pale. Kufa ndiyo lugha yetu. Watatu wakifa zamu imekwisha. Kwenye mchezo wa kete unatamka tu, "Anakwenda," kabla hujatupa, na jedwali linalosomwa linakuwa jingine kabisa. Ukishatamka hurudi nyuma.

Wapya wote waliokuja pale walipenda amri hiyo kupita kiasi. Walisema anakwenda, anakwenda, mpaka Mama Pacha akawaambia waende wao. Aliwafundisha kwa ukali, akigonga meza kwa kisu cha nta. Kwanza umtazame anayepiga, usimtazame anayekimbia. Unataka mpigaji ambaye hana nguvu nyingi lakini hakosi mpira, kama Sindano, na kwenye pembe ya kadi yake kuna herufi inayokuambia hivyo. Mwenye nguvu kama Kifaru mwache. Huyo anaweza kuumaliza mchezo kwa pigo moja, ila hukosa ovyo, sasa unamfunga mikono ya nini, apige hata takataka? Mkimbiaji akiwa na mbio kweli, mwache aibe kituo peke yake, hahitaji msaada. Amri hii ni ya mkimbiaji wa katikati. Mrushaji wa adui awe mtu anayerusha mipira ya kupigika, asiwe yule wa kuwakosesha watu, wala yule wa ovyo ovyo ambaye angekupa kituo cha bure ukisubiri tu. Na usiite ukiwa umeachwa mbali, maana hapo unahitaji watu wengi, na wewe unacheza na roho ya yule mmoja uliye naye.

Baba Pacha aliyasikia haya miaka na miaka akiwa ameshika kete. Alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Jumamosi ya fainali ya msimu, akicheza na Fundi Saa, Mama Pacha alikuwa nyuma kwa mbio moja, yaani bao moja, zamu ya mwisho kabisa, na hakuna aliyekufa bado. Kesho alikuwa amesimama kituo cha kwanza. Anayefuata kupiga ni Kifaru, na baada yake Sindano. Mpango ulikuwa wazi kwa kila mtu mle ndani: Kifaru aachwe apige kwa nguvu zake zote, akifa afe yeye peke yake, kisha Sindano aingie na hapo ndipo Kesho apelekwe. Mama Pacha alikuwa ameshasimama kwa raha. Ndipo kengele ya mbele ikalia, ingawa mlango ulikuwa umefungwa, na ikaendelea kulia. Alikuwa mama mmoja ambaye meno yake ya juu yalikatika vipande viwili akila, na Jumatatu asubuhi alikuwa na usaili wa kazi. Mama Pacha alifungua huku akinung'unika, akayapokea. Alirudisha kichwa mlangoni akasema, "Nisubirini."

Walisubiri kidogo. Fundi Saa alianza kuuliza kama wangoje mpaka meno yenyewe yaote. Baba Pacha alitabasamu. Fundi Saa akasema kwamba mke wake anafunga duka la dawa na yeye anapaswa kumfuata. Baba Pacha, ambaye hakuweza kuvumilia kumwona mtu akingojeshwa, alianza kuzichezea kete mkononi. Kisha Fundi Saa, akiwa na lile jicho lake, aliuliza kwa sauti ya chini, "Utampeleka Kesho, au unamwogopa mama watoto?"

"Anakwenda," alisema Baba Pacha.

Mmoja wetu alitaka kumkumbusha kwamba ni Kifaru anayepiga, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kete zikatupwa. Kifaru akakosa, kama alivyokosa siku zote, na Kesho na miguu yake mizito akashikwa katikati ya njia. Wawili wamekufa kwa mkupuo mmoja, mpigaji na mkimbiaji. Basi hata hapo wangeweza kusimama, lakini Baba Pacha aliingiwa na joto la kutaka kurekebisha, akatupa tena kwa ajili ya Sindano, naye Sindano akapiga mpira mwepesi ukadakwa, akafa wa tatu. Mchezo ukaisha.

Mama Pacha aliporudi, na gundi vidoleni, Fundi Saa alikuwa anakusanya kadi. Alizitazama kadi, akamtazama mumewe.

"Nani alitupa?"

"Mimi," alisema Baba Pacha.

"Ulinisikia nikisema nisubirini?"

"Nilikusikia."

"Kifaru ulimwacha apige?"

Fundi Saa ndiye aliyesema, huku akivaa koti, kwamba Kesho alipelekwa. Mama Pacha hakupaza sauti. Alimwambia Fundi Saa aende nyumbani kwa mke wake. Alituambia sisi sote tuende nyumbani kwetu. Baba Pacha alibaki, na mimi niliyekuwa wa mwisho kutoka nilimsikia akisema kwa upole, "Mama, ni mchezo tu." Hilo, kama angelimeza, huenda jioni ile ingepita.

Jumapili yote hawakusemezana. Mama Pacha alipika, akapakua, akaweka sahani mbele yake kwa kishindo kidogo ambacho hakikuvunja sahani. Baba Pacha aliosha gari mara mbili.

Jumatatu asubuhi Mama Pacha alikuwa anakoroga plasta aliposikia lori dogo likirudi nyuma kuelekea mlangoni kwake. Alichungulia. Wifi yake, dada yake Baba Pacha, alikuwa anashuka kiti cha mbele na kitambaa kichwani kama mtu aliyejiandaa kwa kazi. Wifi alikuwa msusi. Kwa miaka mingi alikodi kiti kimoja katika saluni ya mtu mwingine katikati ya mji. Nyuma ya lori vilikuwepo vikaushio viwili vya nywele vya kofia, kioo kirefu, beseni la kuoshea, na sanduku la rangi na mafuta.

"Habari za asubuhi, wifi," alisema yule dada, kwa furaha kabisa. "Nianze kuingiza upande gani? Kaka alisema ukuta ule wa kushoto."

"Ukuta wa wapi?"

"Wa hapa kwako. Tugawane chumba." Furaha ikaanza kumshuka usoni. "Kaka alisema nimpe taarifa mwenye saluni kule, nije. Alisema Mama Pacha hana neno."

Ikumbukwe kwamba plasta haingoji ugomvi. Ikishachanganywa na maji una muda mfupi tu wa kuimimina kabla haijawa jiwe. Mama Pacha alirudi mezani, akaimimina kwenye kipimo, akaigongagonga kutoa mapovu, akaweka taya mahali pake, akaosha mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Wapakuzi wa lori walisimama na kikaushio begani. Wifi baadaye alisema kwamba katika maisha yake hajawahi kuogopa kitu kama alivyoogopa ule unawaji wa mikono.

"Vitu vikae nje kwanza," alisema Mama Pacha. "Wewe kaa kaunta. Kuna chai kwenye chupa." Akatoka.

Baba Pacha alikuwa barabarani na mwanafunzi, mama mnene muuza vitambaa aliyekuwa akijifunza gia kwa mwezi mzima bila kuelewana nazo. Mama Pacha alijua njia yao. Alisimama kwenye kona ambako wanafunzi wote husimama kabla ya kukata kulia, na kigari kiliposimama alifungua mlango wa nyuma akaingia, akafunga.

"Shikamoo," alisema muuza vitambaa kwa kuchanganyikiwa, ingawa umri wao ulilingana.

"Endelea tu, mama," alisema Mama Pacha. "Mimi nina maneno na mwalimu."

Gari likaondoka kwa kurukaruka.

"Dada yako yuko dukani na vyombo vyake," alisema Mama Pacha. "Anasema mimi sina neno."

"Nilijua utakubali," alisema Baba Pacha. "Washa taa ya kulia, mama. Ya kulia. Hiyo ni ya kufutia kioo."

"Uliniuliza lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri. Wiki iliyopita ulikuwa na kazi za daktari. Halafu ikaja fainali. Kanyaga klachi."

"Una habari mimi nawasha moto mle ndani? Ile taa yangu na yale madawa ya nywele ya kupuliza, siku moja tu, jengo zima linaondoka. Na nywele. Nitawapa watu meno yenye nywele?"

Baba Pacha alisema hilo la moto hakulifikiria. Alisema dada yake alikuja akilia kwamba mwenye saluni anamnyanyasa, na kwamba yeye angemwambiaje hapana dada yake wa tumbo moja. Alisema alitaka tu kila mtu awe sawa. Aliyasema yote hayo kwa sauti ileile ya polepole-mwanangu, na sauti hiyo ndiyo iliyomwasha mkewe kuliko maneno.

"Wewe huwa mzuri kwa watu wote," alisema, "na gharama ya uzuri wako nalipa mimi. Wao wanaondoka wakisema Baba Pacha mtu wa watu, halafu mimi ndiye ninayebaki kukataa. Sura ya ubaya umeniachia mimi miaka yote hii. Jumamosi umempeleka Kesho nikiwa sipo chumbani, nikakasirika, ukaniambia ni mchezo. Sasa nisikilize. Umempeleka dada yako mbio. Ameshaacha kiti chake kule, hawezi kurudi. Na mpira unaonijia mimi ni mbovu, na ni lazima niupige, maana nisipoupiga ni mimi niliyemuua. Hukuniuliza. Ulisema anakwenda, basi."

Muuza vitambaa alikuwa amepita njia mbili alizotakiwa kukata.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "nisimame?"

"Endelea, mama," alisema Mama Pacha. "Wewe huna kosa lolote."

Baba Pacha aliuliza sasa itakuwaje. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, jambo ambalo wanafunzi wake walikuwa hawajawahi kuliona.

"Dada yako hatalala na vyombo nje. Atapata pa kufanyia kazi. Lakini si kwangu. Atakaa kwako."

"Kwangu wapi?"

"Ofisini. Ina dirisha, ina bomba la maji nje ya mlango. Beseni litakaa vizuri."

"Na wanafunzi wangu wa alama za barabarani nitawafundishia wapi?"

"Waulize kama wana neno."

Gari likazimika katikati ya njia panda, na magari mengine yakaanza kupiga honi. Mama Pacha akashuka hapohapo, akarudi kwa miguu, kwa sababu alikuwa na taya ya kutoa kwenye kipimo.

Vyombo viliingia ofisini siku ileile. Meza ya Baba Pacha ilipelekwa ghorofani, mabenchi yakawa ya wateja wa wifi. Chati ya alama za barabarani ilitundikwa nje, kwenye ukuta wa ubavuni chini ya paa, kwa vibanio vya nguo. Hapo ndipo alipowafundishia watu kutoka siku ile, wamesimama, na mvua ikinyesha waliingia garini wote kwa kubanana, mwalimu akiishikilia chati kwenye kioo cha mbele.

Unaweza kudhani kwamba mtu akishapata haki yake hasira hupoa. Haikupoa. Ilipata chakula kipya. Mtaa mzima ulipoona Baba Pacha anafundishia ukutani, ulisema maskini, yule mama kamtoa mume wake ofisini. Watu walimpa pole. Mwanamke wa duka la vyombo alimletea mwavuli. Baba Pacha alizipokea pole zote kwa unyenyekevu, hakusema hata mara moja kwamba yeye ndiye aliyelianzisha, na Mama Pacha aliyasikia hayo yote kupitia ukutani akiwa anasugua meno. Wifi naye alinuna. Alisema alitupwa kama gunia. Ukweli alikuwa na chumba kizima badala ya nusu, lakini aliumizwa na namna, na kwa hilo nani angemlaumu? Kwa muda mrefu wanawake wale wawili waliamkiana kwa kikohozi tu.

Fundi Saa alivuka barabara siku moja akiwa na kadi zake mfukoni. Alisema roho haimpi raha, fainali irudiwe kuanzia pale kwa Kifaru.

"Kete zilitupwa," alisema Mama Pacha. "Umeshinda."

"Nilimchokoza, shemeji. Nilijua Kifaru atakosa. Mtu yeyote alijua."

"Najua ulijua. Mchokozi hana kosa kubwa. Aliyechokozeka ndiye mwenye mkono uliotupa kete." Kisha akamwambia aondoe kiwiko chake kwenye nta. Hawakurudia. Msimu ule uliandikwa wa Fundi Saa, na mpaka leo ni wake.

Lakini alimwondoa Baba Pacha kwenye kete. Hilo lilimuuma mzee yule kuliko ofisi. Jumamosi kadhaa alikaa ghorofani akisikia vicheko vyetu, halafu siku moja alishuka, akasimama mlangoni kama mteja, akasema anaomba timu. Si kete, timu. Yake mwenyewe, aiongoze mwenyewe. Mama Pacha akaenda kwenye sanduku la mjomba, akamtolea kadi za wale ambao hakuna aliyewataka.

Alishindwa. Alishindwa na kila mtu, hata na mke wa Fundi Saa aliyekuja kujaribu. Kila alipotakiwa kuamua alihangaika kama mtu aliyeambiwa achague mtoto wa kumwacha. Hatimaye zamu yake ya kucheza na mkewe ikafika. Mchezo ulikuwa sare. Alikuwa na mtu kituo cha kwanza, mwenye mbio za wastani, na mmoja tu alikuwa amekufa. Anayepiga alikuwa Kijiko, kijitu kisicho na nguvu lakini kisichokosa mpira, herufi nzuri pembeni. Na mrushaji wa Mama Pacha alikuwa Padri, ambaye alirusha mipira laini katikati kwa kila mtu bila ubaguzi. Kama kuna siku ya kuita, ilikuwa ile. Tuliona sote. Baba Pacha aliona pia, maana shingo yake ilipata jasho.

Akainua macho akamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," alisema Mama Pacha, na hasira iliyokuwa kwenye sauti yake ilitufanya tuweke vikombe chini. "Mtu ni wako. Mpigaji ni wako. Unanitazama ili akifa niwe nimemuua mimi?"

Akashusha macho. Alikaa na kete mkononi muda mrefu sana.

"Anakwenda," akasema.

Kijiko aliupiga mpira kwelikweli. Aliupiga kama ulivyotakiwa kupigwa, lakini ukaenda moja kwa moja mkononi mwa mlinzi aliyekuwa hajahama. Ukadakwa hewani, ukatupwa kituo cha kwanza, na mkimbiaji, ambaye mpira ukidakwa hewani lazima awahi kurudi kituoni, alikuwa ameshafika mbali. Wawili wamekufa, zamu imekwisha, na baadaye kidogo mchezo nao.

"Uliita vizuri," alisema Mama Pacha.

Baba Pacha alidhani anadhihakiwa. "Nimeshindwa."

"Umeshindwa. Uliita vizuri. Ile ndiyo saa yake." Akaanza kupanga kadi, hakumtazama, lakini hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza isiyo na miiba ambayo sisi tulimsikia akimwambia tangu fainali. Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitana mkononi, aliuliza kama kuna chai iliyobaki, na Mama Pacha akamwambia ajimiminie.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, kwa amani. Shida ni kwamba Baba Pacha alijifunza somo kupita mpaka. Alianza kuuliza kila kitu. Alipanda ngazi kuuliza anunue sabuni ya mche au ya unga. Aliuliza kama akate nywele. Alimwacha mwanafunzi garini, injini inawaka, kwenda kuuliza kama mkewe ana maoni juu ya matairi. Mama Pacha, ambaye alikuwa amekasirika miezi kwa kutoulizwa, sasa alikasirika kwa kuulizwa, na alipolalamika kwangu alikuwa na machozi ya hasira kwelikweli. Alisema mwanamume ni yuleyule, kageuza upande tu: zamani aliamua bila yeye, sasa haamui kabisa, na njia zote mbili mzigo unatua kichwani mwake.

Jioni moja walikuwa mezani. Baba Pacha alisema mdogo wake anaomba kuazima gari Jumapili, naye amemwambia asubiri kidogo amuulize Mama Pacha.

"Gari la nani?"

"La shule."

"Shule ya nani?"

"Yangu."

"Wewe unataka kumpa?"

Baba Pacha alifikiri. Alisema kusema kweli hataki. Mdogo wake huendesha vibaya, na mara ya mwisho alilirudisha na mlango hauwezi kufungwa.

"Basi shuka ukamwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako."

Alishuka. Simu ilikuwa chini, kwenye kaunta. Mama Pacha alisimama juu ya ngazi na mwiko mkononi, akasikiliza. Alisikia habari za watoto, habari za mvua, habari za mguu wa shangazi. Alisikia mumewe akisema unajua, mdogo wangu, halafu akisema sasa unaona, halafu akicheka, halafu akisema basi sawa, basi sawa. Alipopanda hakumwuliza. Alikuwa ameapa kwamba hatamwuliza.

Jumapili asubuhi alipofungua dirisha gari halikuwepo. Chati ya alama za barabarani ilikuwa inapigapiga ukutani, kibanio kimoja kimechomoka. Mama Pacha alishuka karakanani akiwa bado na kanga ya kulalia, akawasha mota, akachukua meno ya mtu yaliyokuwa yameshakamilika tangu Ijumaa, na akayasugua, akayasugua, mpaka yakang'aa kuliko ilivyofaa kwa mdomo wa binadamu yeyote.